Siku Tano za Kufiwa

Placida alifiwa na mama yake mwezi wa Februari. Kazini walimpa siku tano za mapumziko zenye malipo, wakachanga, wakamletea maua meupe na kadi yenye majina yao wote. Mwaka uliofuata, Ijumaa moja ya Julai, saa kumi na mbili asubuhi, mama yake alitua Heathrow akiwa na masanduku mawili na afya njema.

Siku ile hakuwa amedanganya. Aliyekufa ni Anatolia, dada mkubwa wa mama yake, aliyemlea Placida kule Kamachumu tangu akiwa na miaka minne. Kwao huyo ni mama. Mtu akisema mama amefariki, watu huuliza msiba uko wapi. Hawaulizi mama yupi. Placida alimpigia simu meneja huku analia, akasema kwa Kiingereza neno lililokuwa mdomoni: mama yangu amekufa.

Kosa lilikuja siku ya tatu ya msiba. Célestine, Mkongo anayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, alimpigia kumpa pole. "Dada, una bahati ni mama," alisema. "Miye alikufaka mama mukubwa, balinikatalia hata siku moja. Balisema ni auntie tu." Placida alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye friji. Alivuta pumzi aseme ukweli. Akasema, "Asante, dada." Siku ya sita alirudi kazini, akapokea maua, akashukuru, na hakuligusa tena jambo lile.

Viza yake ilisimama juu ya kazi hiyo. Mwajiri akiondoa udhamini, serikali humpa mtu siku sitini atafute mwajiri mwingine au afunge mizigo. Siku hizo zingekuwa zake, za mumewe Telesphor, na za binti yao Jacqueline wa miaka minane.

*

Mama Beatha alitoka kwenye mlango wa wanaowasili akisukuma kigari kana kwamba anaendesha ng'ombe mkaidi. Placida alimkimbilia, akapiga goti katikati ya watu. Mzungu mmoja aliyekuwa nyuma yao ilibidi azunguke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, utakanyagwa. Umekonda."

Telesphor alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Alilelewa kwamba mama mkwe hapewi mkono. Aliinama, akaamkia, akachukua masanduku bila kumgusa.

"Mkwe wangu," alisema Mama Beatha, akiangalia pembeni kama inavyotakiwa. "Hilo jeusi libebe taratibu. Lina senene."

"Mama! Walikuachia?"

"Mbwa alikuja akanusa. Akaninusa na mimi. Nikamwambia, kaka, pita. Akapita."

Jacqueline alicheka mpaka akakaa sakafuni. Yeye Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na bibi yake naye alikuwa na Kiingereza cha darasa la saba. Kila mmoja alizungumza chake na wakaelewana vizuri kuliko watu wazima waliokuwa pale.

Walikuwa kwenye treni, wamebakiza vituo vingi kufika Kilburn, Telesphor alipokumbuka jambo. Alikuwa mtu wa furaha anapokuwa na mgeni. Kazini kwake, kwenye ghala kule Hayes, alikuwa ameshawaambia wote.

"Halafu Jumapili tuna watu. Jana nilipita Rayners Lane kununua ndizi, nikamkuta Mzee Praful dukani. Nikamwambia tuna mgeni mkubwa kutoka Bukoba. Alivyofurahi! Amesema atakuja kumwamkia, asikie Kiswahili."

Mzee Praful ndiye mwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi Placida. Alizaliwa Mwanza, akaondoka kijana, na hajamaliza kuihadithia.

"Anakuja na nani?" Placida aliuliza.

"Na Rupal. Mzee haendeshi tena."

Rupal ni binti yake. Ndiye meneja. Ndiye aliyepokea simu ya Februari, na ndiye aliyekwenda mwenyewe kununua maua.

Placida alimtazama mama yake aliyekuwa amekaa mbele yake, mkoba magotini, akisoma majina ya vituo kwa midomo. Mama na binti walikuwa na mwanya mmoja, katikati ya meno ya juu. Watu wote Bukoba walisema hivyo: ukimwona huyu akicheka umemwona yule.

*

Usiku huo mgeni alilala chumbani na mtoto. Mume na mke walizungumza jikoni kwa sauti ya chini, bomba la maji likiwa wazi ili wasisikike.

"Sasa hapo tatizo liko wapi?" Telesphor alisema. "Mwambie Rupal ukweli. Aliyekufa ni mama mkubwa, huyu ni mama. Hawa ni Wahindi wa kwetu, wanajua mambo ya ukoo."

"Baba yake anajua. Rupal amezaliwa hapa. Atauliza kwa nini sikusema."

"Na kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu nilikuwa nimefiwa, Telesphor. Ulitaka niamke kwenye msiba niwapigie simu niwaambie jamani, samahani, huyu aliyekufa thamani yake ni ndogo?"

Telesphor alifunga bomba, akalifungua tena.

"Mwaka huu amemfukuza nani kwa kudanganya?" aliuliza.

"Yule dada wa Malawi. Alisema anaumwa, wakamwona kwenye harusi."

"Yuko wapi sasa?"

"Lilongwe."

Telesphor alitoa simu, akampigia mzee palepale, akaweka sauti ya nje. Alikuwa amepanga kusema mgeni amechoka na safari. Hakupata nafasi. "Bwana Telesphor!" sauti ilijaa jikoni. "Mimi nimeshaagiza mithai, kilo mbili! Mwambie mama asipike. Dakika kumi tu, kikombe kimoja cha chai ya tangawizi, naondoka. Nimemwambia Rupal, hiyo Jumapili nisipopelekwa nakwenda na basi." Telesphor alisema ndiyo mzee, karibu sana mzee, akakata.

"Umeona?" Placida alisema.

"Nifanyeje? Mgeni aliyejialika hafukuzwi. Na huyo ndiye ugali wetu."

Wazo lilikuwa limeshaingia jikoni, kila mmoja akimsubiri mwenzake alitamke. Alilitamka Telesphor.

"Basi mama awe mama mdogo. Kwa dakika kumi."

"Nani atamwambia?"

"Wewe. Mimi ni mkwe."

*

Jumamosi walimtembeza. Waliteremka Westminster. Mama Beatha alisimama chini ya mnara wa saa, akainua kichwa mpaka kilemba kikataka kuanguka. "Ndiyo hii ya kwenye redio," alisema. Aliangalia saa yake ya mkononi, akairudisha dakika mbili nyuma. Alitaka picha na mnara, na daraja, na polisi aliyekubali kusimama naye huku ameshika mikono tumboni. Telesphor alipiga zote.

"Usiziweke status," Placida alisema.

"Hii moja tu. Hii ya polisi."

"Nimesema usiziweke."

Mama Beatha alisikia. "Kwani nafichwa? Nimekuja na viza, sikuruka ukuta."

"Si hivyo, mama. Watu wa huku wana macho."

"Hata wa Muleba wana macho. Weka, mkwe wangu, waone."

Telesphor alirudisha simu mfukoni, akajifanya anaangalia mashua.

Tiketi za mashua ya kwenda Greenwich zilikuwa pauni hamsini na kitu kwa watu wanne. Mama Beatha aliuliza ni shilingi ngapi. Alipoambiwa, alirudi nyuma hatua moja kutoka dirishani. "Laki moja na sabini? Kuvuka maji?"

"Hatuvuki, mama. Tunateremka nayo."

"Si ndiyo mbaya zaidi. Ukivuka umefika ng'ambo."

Telesphor alilipa. Kadi ilikataa mara ya kwanza, msichana wa dirishani akasema kwa sauti kubwa jaribu tena, na foleni nzima ikajua. Mara ya pili ilikubali. Ndani ya mashua Mama Beatha alifungua mkoba, akatoa mayai ya kuchemsha na samaki mkavu aliyemchambua nyumbani, akamgawia kila mtu kwenye karatasi. Mama mmoja wa Kizungu aliyekaa mbele yao aligeuka, akatabasamu, kisha akamchukua mtoto wake wakahamia viti vya nyuma. Mama Beatha aliwatazama wakienda. Alilifunga lile furushi polepole, akalirudisha mkobani. Hakula tena. Jacqueline peke yake ndiye aliyeendelea, akilamba vidole.

Simu ya Placida ililia ujumbe. Rupal. *Baba amefurahi sana kuhusu kesho. Saa tisa ni sawa? Hatutakaa.* Aliusoma mara tatu kutafuta kitu ndani yake. Hakukuwa na kitu. Akajibu kwamba saa tisa ni sawa.

Kule Greenwich walipanda kilima. Mji wote ulikuwa chini yao, na mawingu meusi yalikuwa yanakuja kutoka upande wa nyumbani kwao. Telesphor alimchukua mtoto kwenda kuona ule mstari ambapo watu husimama mguu mmoja mashariki, mwingine magharibi. Alimpa mkewe jicho. Placida akabaki na mama yake kwenye benchi.

"Sema," Mama Beatha alisema. "Tangu jana unanizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Placida alisema. Alisema yote, upesi, akiangalia viatu vyake. Simu ya Februari, siku tano, maua, Célestine, viza, kesho saa tisa.

Alipomaliza, Mama Beatha aliuliza, "Nani alikufa?"

"Mama mkubwa Anatolia."

"Huyo najua alikufa. Nilimfunga kidevu kwa mikono hii. Nauliza huko kazini kwako, nani alikufa?"

"Mama."

"Yupi?"

"Huku hawaulizi yupi, mama. Huku mtu ana mmoja."

Mtoto wa watu alikuwa anabiringika kwenye nyasi kuteremka kilima, akipiga kelele. Wote wawili walimtazama mpaka akafika chini.

"Mmoja," alisema Mama Beatha. "Na uliposema mmoja, ulimsema yeye."

"Nilikuwa nalia. Sikuchagua."

"Ndiyo. Mtu akilia hachagui."

Placida aliogopa zaidi kuliko kama angepigwa. Anatolia na Beatha walikuwa ndugu waliopendana, lakini kulikuwa na jambo moja kati yao ambalo halikusemwa: Beatha alipoolewa mara ya pili kule Muleba, mume mpya hakutaka mtoto wa mwanamume mwingine, basi Beatha alimpeleka Placida Kamachumu kwa dada yake, na alikuja kumtazama wakati wa likizo akiwa na mikate na nguo zisizomtosha. Mume yule alikufa mapema. Mtoto hakurudi.

"Kwa hiyo kesho unataka niseme mimi ni nani?"

"Mama mdogo. Dakika kumi tu. Wakiondoka yameisha."

Mama Beatha alisimama, akajikung'uta nyasi ambazo hazikuwepo. "Mtoto anataka aiskrimu," alisema. "Twende kabla mvua haijafika." Hakusema atafanya nini. Hakusema kwenye mashua ya kurudi, wala kwenye treni, wala nyumbani. Aliomba maji ya kunywa, akaaga, akalala saa mbili usiku.

*

Jumapili walitoka misa wakiwa wamelowa. Mama Beatha alimenya ndizi, akazipika na karanga, ingawa mzee alisema asipike. Placida alizunguka nyumba. Aliondoa picha ya harusi iliyokuwa ukutani juu ya televisheni, ambamo Mama Beatha alikuwa amesimama upande wa bibi harusi, mahali pa mzazi. Aliiweka kabatini chini ya mashuka. Ukutani pakabaki mraba mweupe. Akatundika kalenda ya parokia, nayo haikuuziba wote.

Kisha akamwita Jacqueline, akachuchumaa mbele yake.

"Wageni wakija, wakikuuliza bibi ni nani, usiseme kitu."

"Kwa nini?" mtoto alijibu kwa Kiingereza chake. "Bibi ni bibi."

"Najua. Lakini usiseme. Ni mambo ya wakubwa."

"Niseme uongo?"

"Sikusema uongo. Nimesema usiseme."

Mama Beatha alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Alimtazama mjukuu wake, akamtazama binti yake, akarudi jikoni.

Saa tisa na dakika tano kengele ililia.

Mzee Praful alikuwa mfupi, amevaa koti na tai, boksi la mithai, vitamu vya Kihindi, kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nyuma yake alisimama Rupal, miaka arobaini na kitu, funguo za gari mkononi, akitabasamu tabasamu la mtu aliyekuja kwa ajili ya baba yake. Mama Beatha alitoka jikoni amevaa kitenge kipya, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Praful alisimama palepale. Macho yalimlegea. "Marahaba," alisema. "Marahaba, mama. Rupal, umesikia? Tangu mama yangu afe sijasikia neno hili nyumbani kwa mtu. Kazini wengi wananiambia hai Praful, hai Praful, kama mbwa wa jirani."

Walicheka wote, hata Rupal, ambaye hakuelewa. Wakakaa. Chumba kilikuwa kidogo; Telesphor alibaki amesimama dirishani, Jacqueline akakaa sakafuni. Mama Beatha alileta chai, ndizi, na sahani ndogo ya senene, wale panzi wa kukaanga. Mzee alipiga makofi.

"Senene! Mimi sili nyama maisha yangu yote, lakini harufu hii naijua. Dukani kwa baba alikuwepo karani wa Bukoba, kila Novemba mfuko wa shati umejaa. Baba anamwambia, bwana, unatafuna kwenye vitambaa vyangu!"

"Huyo hakukosea," alisema Mama Beatha. "Senene hawasubiri mtu atoke kazini."

Dakika kumi zilipita, zikapita nyingine kumi. Mzee aliuliza habari za ziwa, bei ya sato, kama treni bado inafika. Mama Beatha alimjibu moja moja, kwa upole, na Placida alikuwa ameanza kushusha mabega. Labda hawatauliza. Labda watakunywa chai tu na kwenda.

"Sasa mama," alisema Mzee Praful, akiweka kikombe, "mimi nakula kwako na sijui hata kukuita. Wewe ni nani wake Placida?"

Telesphor aligeukia dirisha. Placida alikuwa ameshika birika, na alihisi mpini ukimchoma akashindwa kuliweka chini. Mama Beatha alijifuta vidole kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi ni mama yake mdogo," alisema.

"Aa! Mama mdogo!" Mzee alimgeukia binti yake. "Rupal, huyu ni mdogo wake mama yake. Masi. Kama masi yako Nairobi."

Uso wa Rupal ulibadilika. Tabasamu la kazi lilitoka, likaja la kweli. Alisogea mbele, akashika mkono wa Mama Beatha. "Kumbe aliyekufa mwaka jana ni dada yako," alisema, na mzee akatafsiri. "Pole sana. Sikumjua, lakini nilimwona Placida alivyokuwa. Alikuwa kama mtu aliyekatwa mguu. Nikasema, huyu alikuwa na mama kweli."

Mzee aliyatafsiri yote, neno kwa neno, kwa sauti nzuri ya kale. Alipofika mwisho, Mama Beatha aliinamisha kichwa.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa naye kweli."

Akalia. Hakujifunika uso. Machozi yalidondoka kwenye kitenge kipya, na Rupal akaendelea kushika mkono ule, naye macho yakamlowa. Hakuna aliyekuwa akiigiza pale. Placida alisimama na birika lake na hakuweza kumsogelea mama yake, kwa sababu hakujua amsogelee kama nani.

Rupal alijifuta, akacheka kidogo kwa aibu, akatafuta la kubadilisha hewa. Alimwona mtoto sakafuni.

"Na wewe, mrembo? Huyu ni nani wako? Unamwitaje?"

Jacqueline alimtazama mama yake. Kisha akajibu kwa Kiingereza safi, cha shule, ambacho kila mtu alikisikia.

"Siruhusiwi kusema."

Mvua ilikuwa inapiga kioo. Mzee Praful alicheka. "Watoto wa huku! Kila kitu haki yao!" Hakuna aliyecheka naye. Rupal alikuwa bado ameshika mkono wa Mama Beatha. Alimtazama usoni, kwa karibu, mdomo ule uliokuwa wazi kidogo kwa kulia, na mwanya. Akamtazama Placida. Akatazama kalenda ya parokia na ukingo mweupe uliokuwa ukiizunguka. Aliuachia mkono taratibu, akauweka juu ya goti la mwenyewe, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

"Baba," alisema. "Tumekaa sana."

Mlangoni mzee aliamkiwa tena, akaahidi kurudi, akasahau mwavuli, akarudishiwa. Rupal alisema asante kwa chai. Alimwambia Placida, "Kesho, kabla ya shifti, pita ofisini."

*

Jioni Mama Beatha aliosha vikombe. Placida alikuja kusimama karibu naye, akachukua kitambaa cha kukaushia.

"Mama, nisamehe. Umedanganya kwa ajili yangu."

"Sikudanganya." Mama Beatha alisuuza kikombe, akakiangalia kwenye taa, akakisuuza tena. "Mimi ni mama yako mdogo tangu ulipokuwa na miaka minne. Leo nimelisema tu mbele ya watu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Huyo Rupal mwenyewe amenieleza ulivyolia. Mimi nikifa, watakupa siku ngapi? Zangu ulishazitumia."

Placida alianza kulia. Mama yake alikausha mikono, akampapasa bega mara mbili, kama mtu anavyompapasa mtoto wa mwenzie, akaenda kumtafuta Telesphor sebuleni. Alisimama mlangoni, akaangalia pembeni. "Mkwe wangu, niangalizie ndege ya karibu. Ya wiki hii."

Telesphor alisimama. "Mama, umekuja kwa miezi mitatu. Mtoto anafunga shule Jumatano."

"Nitamwachia senene."

*

Asubuhi ya Jumatatu Rupal hakumwambia akae. Alikuwa anasaini karatasi za kuagizia mboga.

"Sitakuuliza swali," alisema bila kuinua macho. "Nikikuuliza utanijibu, na ukinijibu itabidi nifanye jambo. Baba yangu tangu jana anapiga simu mpaka Toronto kuwaambia watu ameamkiwa. Sitaki kumwambia alikunywa chai ya uongo."

"Rupal, naomba nikueleze. Kwetu neno mama..."

"Usinieleze." Sasa aliinua macho. "Nina tatizo la Jumapili. Hakuna anayetaka Jumapili. Na Krismasi, na mkesha wa mwaka mpya. Nimekuwa nikiwabembeleza watu."

Placida alielewa. Alikuwa na maneno yote ya kueleza, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na hakuna hata moja lililokuwa na kazi pale.

"Nitafanya mimi," alisema.

"Zote?"

"Zote."

"Asante," Rupal alisema. "Wewe ni mtu wa kutegemewa." Akarudi kwenye mboga.

*

Mama Beatha aliondoka Alhamisi. Alikaa London siku sita. Kubadilisha tiketi kuligharimu pauni mia mbili na kumi. Katika likizo ya shule Jacqueline alishinda kwa mwanamke wa ghorofa ya chini, pauni thelathini kwa siku, wiki sita, na wiki mbili za mwisho Telesphor alilipa kwa kukopa kazini. Kutoka Julai mpaka mwisho wa Desemba Placida alifanya kazi Jumapili zote, hakuingia misa hata moja, na Krismasi aliwavika wazee kofia za karatasi huku mumewe na mtoto wakila wali baridi nyumbani. Rupal hakuwahi kulitaja jambo lile. Mwezi wa kwanza alipanga tena ratiba, na Jumapili zilibaki palepale.

Kazi ipo. Viza ipo. Picha ya harusi ilirudi ukutani.

Placida hupiga simu Muleba kila Jumamosi, na Mama Beatha hupokea. Husema ni mzima, mvua imenyesha, kahawa imechanua. Humuulizia mtoto, humsalimia mkwe, husema asante kwa hela. Zamani alizoea kumwita mwanangu. Sasa humwita Placida.